Deni la Dola na Sharuti Zake: Somo Kutoka Uajemi

Ndugu zetu wasomaji, hapana mtu wa mwambao asiyeijua bei ya khiyari, ama kwa kuisikia, ama kwa kuuonja uchungu wake. Mtu ana shamba la minazi alilorithi kwa babake. Imemfika haja ya fedha: arusi, au msiba, au deni la dukani. Humwendea mwenye mali, wakaandikiana ya kwamba shamba limeuzwa, naye ana khiyari ya kulikomboa kwa muda maalumu. Tangu siku hiyo hukaa katika shamba lake kama mpangaji, akatoa kodi ya minazi iliyopandwa na wazee wake. Muda ukitimia naye hana cha kukombolea, shamba limekwenda. Hapana aliyemnyang'anya kwa upanga. Saini iliyo katika karatasi ni yake mwenyewe.

Katika somo hili twataka kulitazama jambo hilo kwa upana zaidi. Ikiwa mkopaji si mtu bali ni dola dhaifu, na mkopeshaji si mwenye duka bali ni dola kubwa yenye majeshi na manowari, mambo huwaje? Tumeichagua nchi ya Uajemi, ambayo sasa huitwa Irani, kwa sababu moja. Tunisia ilikopa, na mwaka 1881 Wafaransa wakaingia kwa majeshi. Misri ilikopa, na mwaka 1882 Waingereza wakaingia kwa majeshi. Huko watu huiona bunduki wakalisahau daftari la deni lililoitangulia. Lakini Uajemi haikupata kutiwa rasmi katika makoloni ya mtu. Shah alikaa katika kiti chake, bendera yake ikapepea, na mabalozi wakamwinamia. Kwa hiyo kazi ya deni yaonekana huko peupe, haikufunikwa na moshi wa mizinga.

DENI LILILOTOKANA NA TUMBAKU

Nasir al-Din Shah, aliyetawala tangu mwaka 1848 hata alipouawa mwaka 1896, alikuwa na mazoea ya kuwauzia wageni haki za nchi yake ili apate fedha ya haraka. Mwaka 1890 alimpa Mwingereza mmoja, Meja Talbot, haki ya peke yake ya kununua, kuuza na kusafirisha tumbaku yote ya Uajemi kwa muda wa miaka 50. Badala yake Shah alikuwa apate pauni 15,000 kila mwaka na robo ya faida. Mkulima wa tumbaku na mfanya biashara wa sokoni hawakuulizwa neno. Waliamka wakajikuta hawana ruhusa ya kuuziana mali yao wenyewe ila kwa mkono wa kampuni.

Watu wakakataa. Sayyid Jamal al-Din al-Afghani, ambaye Shah alikuwa amemfukuza nchini, alimwandikia barua Mirza Hasan Shirazi, mwanachuoni mkubwa wa Kishia aliyekuwa akikaa Samarra katika Iraki, akimzindua juu ya khatari ya mambo hayo. Mwezi wa Desemba 1891 ikatangazwa fatwa kwa jina la Shirazi ya kuharimisha matumizi ya tumbaku. Maduka yakafungwa, watu wakaziweka kando buruma zao, na yasimuliwa kwamba hata nyumbani kwa Shah wake zake waliacha kuvuta. Mwezi wa Januari 1892 Shah akalazimika kuifuta ile haki.

Wengi wakiisimulia habari hii huishia hapo, wakafurahi. Sisi hatutaishia hapo, maana somo letu ndipo lianzapo. Kampuni ilidai fidia, na balozi wa Uingereza akasimama nyuma yake. Fidia ikakatwa pauni 500,000, na hazina ya Shah ilikuwa tupu. Ikabidi zikopwe kutoka Imperial Bank of Persia, benki ya Kiingereza iliyoanzishwa kwa haki nyingine ambayo Shah huyo huyo aliitoa mwaka 1889. Riba ilikuwa 6 kwa 100, muda wa kulipa miaka 40, na rahani iliyowekwa ni ushuru wa forodha za bandari za Ghuba.

Msomaji na apige hesabu. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake ilikuwa pauni 30,000, yaani mara mbili ya ile fedha ya kila mwaka iliyomtamanisha Shah hata akaiuza tumbaku. Waajemi waliikomboa tumbaku yao, wakatoka na deni lao la kwanza kwa wageni. Mwenye kutia saini kwa pupa humwachia mwenziwe kulipa gharama ya kufuta.

MKOPO WA URUSI, 1900

Baada ya Nasir al-Din Shah alitawala mwanawe, Muzaffar al-Din Shah, mtu mgonjwa na mpole, aliyezungukwa na watu wenye njaa ya mali. Mishahara ya askari ilikuwa nyuma, na Shah akitaka kwenda Ulaya kutibiwa. Mwaka 1898 waziri wake mkuu, Amin al-Dawla, alijaribu kukopa London. Mazungumzo yakakwama katika jambo moja: wakopeshaji walitaka mkono wao uwe juu ya forodha za kusini, ndipo watoe fedha. Waziri yule akaondolewa, na badala yake akaja mwingine aliyeelekea upande wa Urusi.

Mwezi wa Januari 1900 Urusi ikatoa rubli milioni 22 na nusu, kwa riba ya 5 kwa 100, zilipwe kwa miaka 75. Kwa mwenye kutazama riba tu, mkopo huu ulikuwa bora kuliko wa Waingereza. Lakini zitazameni sharuti zake.

Kwanza, rahani ilikuwa forodha zote za Uajemi isipokuwa zile za Fars na za bandari za Ghuba. Malipo yakichelewa, benki ya Kirusi ilikuwa na haki ya kuzisimamia forodha zenyewe. Pili, Uajemi ilitakiwa ilipe kwanza deni lake la Kiingereza la mwaka 1892 kwa fedha hiyo hiyo, ili asibaki mwia mwingine mlangoni. Tatu, na hili ndilo lililokuwa zito kuliko yote, Uajemi isikope kwa dola nyingine yoyote bila ya idhini ya Urusi.

Yatupasa kufahamu kwamba Urusi haikutoa fedha hii kwa kuwa ilikuwa na mali ya kumwagika. Siku hizo Urusi yenyewe ilikuwa mwiwa mkubwa wa mabenki ya Ufaransa. Ilikopa kwa mkono mmoja ikakopesha kwa mkono wa pili, kwa sababu haikuwa ikitafuta riba ya 5 kwa 100. Ilikuwa ikitafuta ule mlango ufungwe, na ufunguo ukae St. Petersburg. Benki iliyoandika mkopo huo mjini Tehran ilikuwa mali ya serikali ya Urusi, si ya wafanya biashara. Basi katika mazungumzo ya namna hii fedha ni chambo, na samaki anayetakiwa ni khiyari ya nchi.

Zile rubli zilikwenda wapi? Sehemu ililipa deni la Kiingereza, sehemu ikalipa madeni mengine, na sehemu ikaondoka na Shah katika safari yake ya Ulaya ya mwaka huo huo 1900. Hapakujengwa reli wala bandari. Mwaka 1902 akakopa tena kwa Warusi, rubli milioni 10, na mwaka huo pia akasafiri.

MTU AJAYE PAMOJA NA FEDHA

Forodha zikiwa zimewekwa rahani, mwia hutaka zihesabiwe sawasawa. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 serikali ya Uajemi ilikuwa imewaajiri Wabelgiji kuzitengeneza, mkubwa wao akiitwa Joseph Naus. Tusimdhulumu mtu: chini ya Wabelgiji mapato ya forodha yaliongezeka kweli, na wizi mwingi wa zamani ukakoma. Lakini ongezeko lile lilikuwa la nani? Lilikuwa la kumlipa mwia kwanza. Naus akapanda hata akawa waziri, na orodha mpya ya ushuru, iliyokubaliwa na Urusi na kuanza kutumika mwaka 1903, ilizipendelea bidhaa za Warusi. Mfanya biashara wa Tehran alimwona mgeni akimtoza ushuru katika nchi yake, kwa orodha iliyokubaliwa na mgeni wa pili, ili fedha ilipe safari ambayo yeye hakusafiri.

Hamaki ikajaa. Mwezi wa Desemba 1905 liwali wa Tehran aliwapiga wafanya biashara wa sukari, akiwalaumu kwa kupanda kwa bei. Masoko yakafungwa, maulamaa na wafanya biashara wakaondoka mjini kwa kupinga, na katika mambo waliyoyataka mojawapo lilikuwa Naus aondolewe. Mwaka uliofuata, 1906, zaidi ya watu elfu kumi walipiga kambi katika uwanja wa ubalozi wa Uingereza, na mwezi wa Agosti Shah akakubali nchi iwe na Majlis ya wawakilishi. Ikafunguliwa mwezi wa Oktoba.

MAJLIS YASEMA HAPANA

Hapa twawaomba wasomaji watulie kidogo. Majlis ile changa haikuwa imekaa hata miezi mitatu ilipoletewa habari ya mkopo mpya. Urusi na Uingereza, zilizokuwa zikishindana miaka yote hiyo, sasa zilikuwa tayari kutoa kwa pamoja pauni 400,000, nusu kwa nusu. Hazina ilikuwa tupu kama desturi, na watumishi wa serikali hawajalipwa.

Majlis ikakataa. Wawakilishi walisema fedha na itafutwe ndani ya nchi, ikaanzishwe benki ya taifa. Wafanya biashara wakaahidi mafungu yao, na habari za wakati ule zataja wanafunzi waliouza vitabu vyao na wanawake waliotoa mapambo yao ya dhahabu. Aidha, katika Katiba iliyotiwa saini tarehe 30 Desemba 1906, ikaandikwa kwamba haukubaliki mkopo wowote wa dola, wa ndani au wa nje, ila kwa kujua na kuridhia kwa Majlis. Mwezi wa Februari 1907 Naus naye akaondolewa.

Hatutaki kuipamba habari hii kuliko ilivyokuwa. Fedha zilizochangwa hazikutosha, na benki ile haikusimama wakati huo. Benki ya taifa ya Uajemi ilikuja kufunguliwa mwaka 1928. Kusema hapana ni rahisi kuliko kupata badala yake. Hata hivyo neno moja lilikuwa limebadilika: kabla ya hapo mtu mmoja aliweza kuiweka nchi nzima rahani baina ya chakula cha mchana na cha usiku, na baada ya hapo haikuwa halali tena.

WAIA WAPATANA

Mwiwa mwenye waia wawili wanaogombana hupata nafasi ya kupumua, maana humkimbilia huyu akibanwa na yule. Waia wakipatana, nafasi hiyo hufungwa. Tarehe 31 Agosti 1907 Urusi na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuigawanya Uajemi kwa mafungu: kaskazini mwa Urusi, kusini mashariki mwa Uingereza, na katikati pakaachwa. Mwanzo wa mkataba ule uliandikwa maneno mazuri ya kuheshimu uhuru wa Uajemi. Uajemi yenyewe haikuitwa katika mazungumzo hayo, ikaja kuambiwa yakiwa yamekwisha.

Twapenda wasomaji walijue jambo ambalo mara nyingi husahauliwa: vifungu viwili vya mkataba ule vilikuwa vya madeni. Vilitaja mapato yapi ya Uajemi yaendelee kuwa rahani ya Urusi na yapi yawe rahani ya Uingereza, na kwamba malipo yakiharibika dola hizo mbili zitashauriana juu ya namna ya kuyasimamia mapato hayo. Ramani ya mafungu ilichorwa ikifuata daftari la deni.

Mwaka 1911 Majlis ilijaribu njia nyingine. Ilimwajiri Mmarekani, W. Morgan Shuster, asiyetoka katika dola hizi mbili, ili aitengeneze hazina na nchi iweze kusimama kwa miguu yake. Alifika mwezi wa Mei. Mwezi wa Novemba Urusi ikatoa amri yenye muda wa saa 48: Shuster afukuzwe, Uajemi isiajiri mgeni bila ya idhini ya Urusi na Uingereza, tena Uajemi ilipe gharama ya majeshi ya Kirusi yaliyoletwa kuitisha. Tarehe 1 Desemba Majlis ilikataa, majeshi yale yakiwa yamekwisha ingia nchini. Kabla ya mwezi kwisha Majlis ikafungwa kwa nguvu na serikali ya Tehran yenyewe, iliyokwisha kuvunjika moyo, na Shuster akaondoka. Aliyeikataza nchi kukopa kwa mwingine mwaka 1900 sasa aliikataza hata kuajiri mhasibu.

FEDHA YA SIRI, 1919

Mwaka 1917 dola ya Tsar ilianguka, Uingereza ikabaki peke yake. Ujumbe wa Uajemi ulikwenda Paris mwaka 1919 kudai haki zake katika mkutano wa amani, wala haukukubaliwa kuketi. Wakati huo huo, mjini Tehran, balozi wa Uingereza Sir Percy Cox alikuwa katika mazungumzo ya siri na waziri mkuu Vosuq al-Dawla na mawaziri wawili. Tarehe 9 Agosti 1919 mkataba ukatiwa saini. Washauri wa Kiingereza waje katika idara za serikali, maafisa wa Kiingereza walitengeneze jeshi, na Uingereza itoe mkopo wa pauni milioni 2 kwa riba ya 7 kwa 100, uliodhaminiwa kwa mapato ya forodha. Lord Curzon, aliyeyasimamia mambo hayo London, aliuona kuwa ni kazi kubwa ya maisha yake.

Baadaye ilikuja kujulikana kwamba wale mawaziri watatu walipewa kwa siri kiasi cha pauni 131,000, zikahesabiwa kuwa ni sehemu ya kwanza ya mkopo wenyewe, pamoja na barua za kuwaahidi hifadhi iwapo mambo yatawageukia. Fahamuni maana yake: rushwa iliyotolewa ili Uajemi ikope iliandikwa katika daftari kuwa ni deni la Uajemi.

Lakini ile sharuti ya Katiba ilikuwa bado ipo. Mkataba haukuwa halali ila Majlis iuridhie, na hapana waziri aliyethubutu kuupeleka mbele yake. Washauri walikuja, wakakaa wakingoja. Tarehe 26 Februari 1921 serikali mpya ya Tehran ikautangaza kuwa umebatilika, na siku hiyo hiyo, katika mkataba uliotiwa saini Moscow, serikali ya Kisovieti ikayasamehe madeni ya siku za Tsar. Twaongeza, ili tuwe wakweli, kwamba serikali hiyo mpya iliingia kwa mapinduzi ya askari, na maafisa wa Kiingereza walikuwa na mkono ndani yake. Nchi ilitoka katika mtego mmoja haikuwa salama na mingine. Lakini mkataba wa 1919 haukupata kuwa sheria, na kilichouzuia si jeshi, maana Uajemi haikuwa na jeshi la kutosha. Ulizuiliwa na mstari mmoja wa Katiba ulioandikwa na watu waliokwisha ungua.

TUNAYOJIFUNZA

Kukopa kwenyewe si aibu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya deni, nayo yaamrisha liandikwe na lishuhudiwe, kwa sababu waadamu hukopeshana na wataendelea kukopeshana. Mas-ala ya riba yana somo lake, hatutayaingiza hapa. Tunalotaka kulisema ni hili: habari ya deni la dola haimo katika kiasi chake, imo katika sharuti zake. Mwenye kusikia kwamba nchi yake imepata mkopo na aulize mambo manne. Kimewekwa rahani nini? Mlango gani mwingine umefungwa? Nani anakuja pamoja na fedha, na atakuwa na amri juu ya nini? Na nani aliulizwa kabla ya saini? Asiyejibiwa maswali haya hajaambiwa habari, ameambiwa tarakimu tu.

Wala tusimtazame mgeni peke yake. Urusi isingalipata mlango lau Shah asingaliufungua kwa ajili ya safari zake, na Uingereza isingalipata saini ya 1919 lau mawaziri watatu wasingalinyoosha mikono.

Na sisi wa mwambao tunayo karatasi yetu. Mwaka 1890 Ujerumani ililipa marki milioni 4, sawa na pauni 200,000, kwa pwani ya kusini ya Sultani wa Zanzibar, iliyo Tanzania. Mwaka 1895, Uingereza ilipotaka kuiondoa kampuni iliyokuwa ikiikodi pwani yetu hii ya Mombasa na Malindi, kampuni ililipwa pauni 250,000, na katika hizo pauni 200,000 zilitoka katika fedha ya Sultani mwenyewe. Baada ya hapo pwani haikurudi mkononi mwake. Ilishikwa na serikali ya Kiingereza, ikimlipa pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 kodi ya nchi, na 6,000 riba ya 3 kwa 100 juu ya fedha yake iliyotumika. Mambo yalikwenda hivyo mpaka mapatano ya mwaka 1963.

Basi yule mtu wetu wa bei ya khiyari, tuliyeanza naye, hakuwa wa mwisho kwa msiba. Huyu alitoa bei ya kukombolea shamba, na shamba likachukuliwa na aliyemshikia mfuko.